Daftari la Pamba: Majani ya Jaja na Sindano za Daktari

Ukurasa wa kwanza wa daftari lile una tarehe, uzito na maneno machache: "Hajala tangu jana jioni. Kinyesi laini, kinanuka." Niliyaandika kwa agizo la daktari wa mifugo, nikiwa nimeketi kwenye benchi la chumba chake hapa Jinja, Uganda, naye Pamba amejikunyata ndani ya kikapu cha sokoni juu ya mapaja yangu. Pamba ni sungura jike mweupe ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 3 na uzito wa kilo 2.6, na kwa siku 19 zilizofuata kila kilichoingia kinywani mwake na kila kilichotoka mwilini mwake kiliandikwa humo pamoja na saa yake. Tangu apone, wafugaji wenzangu wameniuliza mara nyingi ni jani gani nililompa, na kwa kuwa jibu langu ni refu kuliko jina la mti mmoja, nimeona niliandike lote kwa utaratibu.

Kwanza niseme wazi kwamba kilichokaribia kumwua Pamba hakikuwa mitishamba. Wiki ile mvua za Aprili zilikuwa zikinyesha mfululizo, na Pamba alikuwa akipiga chafya, huku manyoya ya upande wa ndani wa miguu yake ya mbele yakiwa yamelowa na kushikamana, kwa sababu sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu hiyo. Nilikwenda kwenye duka la dawa za binadamu lililo karibu nasi, nikaeleza shida yangu, nikauziwa chupa ya amoksisilini ya maji wanayopewa watoto, nikaambiwa nimpe nusu kijiko asubuhi na jioni. Nilimpa kwa siku 2 kwa moyo mweupe kabisa, nikiamini kwamba dawa iliyotoka kiwandani, yenye lebo na tarehe ya kuisha muda wake, haiwezi kumdhuru. Siku ya 3 aliziacha nyasi zake, akaanza kuhara, na jioni nikamsikia akisaga meno kwa sauti kavu ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sungura hafichui maradhi yake upesi, kwa kuwa porini mnyama anayeonekana mgonjwa ndiye anayekamatwa kwanza; akifikia kusaga meno namna ile huku ameinama na macho yamelegea, maumivu yamekwisha kuwa makali.

Nilichojifunza siku ile kuhusu tumbo la sungura ndicho kilichonifanya nibadili mawazo yangu kuhusu dawa zote, za kiwandani na za shambani. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia hakirudi. Chakula chake huchachushwa ndani ya mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, uitwao sekamu, ambamo wanaishi bakteria wengi sana wanaovunjavunja nyasi na kutengeneza vitamini. Kisha yeye mwenyewe, usiku au alfajiri, hutoa kinyesi laini chenye utando na kukila moja kwa moja, ili apate faida ya kazi ya bakteria hao. Maisha yake yote yanategemea shamba hilo lililo tumboni. Dawa za jamii ya penisilini, amoksisilini ikiwa mojawapo, zikipitishwa mdomoni, pamoja na linkomisini na klindamisini, huwaua bakteria wema na kuwaachia nafasi wale wa jamii ya Klostridia, ambao hutoa sumu inayoweza kummaliza mnyama ndani ya siku chache. Dawa ambayo mwanangu wa darasa la tano amekunywa mara kadhaa bila shida yoyote ilikuwa sumu kwa sungura wake.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema haraka. Asubuhi ya siku ile, kabla sijampandisha Pamba kwenye bodaboda, jirani yetu mzee, ambaye sote humwita Jaja, alikuwa ameniletea maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa, akaniambia kwamba hakuna tumbo la kuhara lisilosikia mpera, nami nikampa Pamba kijiko kimoja. Nilipofika kwa daktari niliona aibu. Nilidhani kwamba mtu aliyesoma Chuo Kikuu cha Makerere angeniona mshamba, au angeyalaumu majani ya Jaja kwa kosa lililokuwa langu na la lile duka. Aliuliza mara ya kwanza nimempa nini, nikataja amoksisilini. Akauliza mara ya pili, nikasema ni hiyo tu. Mara ya tatu aliweka kalamu chini akasema, "Mama, sitakugombeza. Kama kuna jani, nitajie, kwa maana sindano ninayotaka kumchoma inategemea jibu lako."

Nikamtajia mpera, naye hakushangaa wala kukunja uso. Alinieleza kwamba majani ya mpera yana tanini nyingi, ambayo hukaza utumbo na kupunguza mwendo wake, na kwamba ndiyo sababu yanamsaidia mtu anayehara kwa ugonjwa wa kawaida. Kwa Pamba, hata hivyo, kuhara kulikuwa dalili ya sumu ndani ya sekamu, na alichohitaji ni tumbo liendelee kutembea na kuitoa ile sumu, wala si kufungwa nayo ndani. Jaja hakukosea kuhusu mpera. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila kuhara ni kuhara kulekule. Ndipo daktari akatoa daftari la shule kwenye droo, akanipa, akasema kwamba kuanzia saa ile hata jani moja la dania liandikwe.

Matibabu yenyewe nitayaeleza kwa ufupi, kwa sababu vipimo vya dawa ni kazi ya daktari aliyemwona mnyama. Joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40, naye Pamba alikuwa na 37.4, jambo lililomtia daktari wasiwasi kuliko kule kuhara. Alimwekea maji ya dripu yaliyopashwa moto kidogo chini ya ngozi ya shingo, akamchoma meloksikamu ya kutuliza maumivu, na kwa yale mafua akachagua enrofloksasini, ambayo sekamu ya sungura huivumilia vizuri zaidi. Aliniagiza nimlaze juu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, na nimlishe kwa mkono mara 5 kwa siku, kiasi cha mililita 25 kila mara. Chakula hicho nilikitengeneza kwa nyasi kavu zilizotwangwa kwenye kinu na kuchekechwa, pamoja na punje za chakula cha sungura zilizolowekwa katika maji ya uvuguvugu, nikakiingiza kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kupitia ubavuni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, polepole, nikisubiri ameze kwanza ndipo niongeze. Ukiharakisha, chakula huingia mapafuni.

Huenda msomaji akashangaa kwamba nilihangaika kiasi hiki kwa ajili ya sungura. Hapa Uganda wengi hufuga sungura kwa nyama, na siku hizi pia kwa mkojo wake unaotumika shambani, na zaidi ya mtu mmoja waliniuliza kwa nini nisimchinje nikanunua mwingine. Swali hilo liliniumiza. Pamba aliingia nyumbani mwetu mwaka ambao mwanangu alikuwa akilala peke yake kwa mara ya kwanza, akawa ndiye anayezungumza naye asubuhi kabla ya kwenda shuleni, na sikuona namna ya kumwambia mtoto kwamba rafiki yake ana thamani ya kitoweo.

Siku ya 3 ya matibabu daktari alifika mwenyewe mtaani kwetu Walukuba baada ya kuhudumia ng'ombe upande wa Masese, akamkuta Jaja ameketi barazani. Jaja alikuja Walukuba akiwa bado kijana, wakati marehemu mumewe alipopata kazi kwenye kiwanda cha nguo, na mtaa huu wa wafanyakazi waliotoka kila upande wa nchi, na hata nje yake, ndio uliomfundisha Kiswahili anachozungumza hadi leo na kila anayepita mlangoni kwake. Alikuwa ametandika mkeka na kupanga juu yake majani aliyokusanya asubuhi. Niliogopa kwamba wangegombana. Badala yake daktari alivua viatu, akaketi, akamwomba amtajie kila jani, jina lake na kazi yake, na kwa muda wa saa nzima nilisikia mazungumzo ambayo natamani yangesikika katika kila kituo cha mifugo nchini.

La kwanza lilikuwa mululuza, ule mti mchungu ambao hakuna nyumba ya hapa isiyoujua, kwa kuwa wengi wetu tulinyweshwa maji yake tukiwa na homa. Mimi nilikuwa nimesoma habari ya mti huohuo, nikaitoa mbele yao. Mwezi wa Novemba 1987, katika Milima ya Mahale huko Tanzania, mtafiti Michael Huffman alikuwa na mzee Mohamedi Seifu Kalunde, aliyejua sana miti ya dawa ya kwao, wakamwona sokwe mtu jike aitwaye Chausiku, aliyeonekana mgonjwa, akivunja matawi machanga ya mululuza, akiyamenya, akitafuna kiini na kunyonya maji yake machungu. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu tena. Mzee Seifu ndiye aliyesema kwamba mti huo ni dawa kali hata kwa watu wake. Jaja alifurahi sana, akasema kwamba kumbe mnyama naye anajua. Daktari alikubali, lakini akatuuliza kama tumeangalia Chausiku alitupa nini. Alitupa majani na maganda, akala kiini peke yake, kwa sababu majani ndiyo yenye uchungu mwingi zaidi, nasi wanadamu ndiyo tunayoyachuma. Isitoshe, sokwe mtu jike ana uzito zaidi ya mara 10 ya ule wa Pamba, hana tumbo la nyasi kama lake, na alijichagulia mwenyewe kiasi cha kula na wakati wa kuacha, ilhali Pamba angenyweshwa kwa nguvu. Mululuza ukawekwa kando.

Jambo hilo la nani anaweza kula nini lilirudi mara kadhaa katika mazungumzo yao, na nadhani ndilo lenye uzito kuliko yote. Sisi huamini kwamba jani analokunywa mtu bila kudhurika halimdhuru mnyama, na kwamba jani analokula mnyama haliwezi kumdhuru mtu. Imani zote mbili ni za uongo. Baadhi ya sungura wana kimeng'enya katika damu kinachovunja sumu iitwayo atropini, kwa hiyo wanaweza kula majani ya beladona, mmea wa Ulaya wenye sumu kali, bila kuonyesha dalili yoyote, ilhali mtu akiyala anaweza kufa. Kwa upande mwingine kuna parachichi. Majani yake yalikuwa kwenye mkeka, kwa sababu Jaja huyachemsha kwa ajili ya presha yake mwenyewe, naye alifikiri yangempa Pamba nguvu. Daktari aliyashika akasema kwa sauti ya upole kwamba hayo hapana, si leo wala siku nyingine, kwa kuwa yana kitu kiitwacho persini kinachoharibu misuli ya moyo ya sungura, mbuzi, farasi na ndege. Jaja hakubisha. Aliyakusanya mwenyewe kutoka kwenye mkeka, akayafunga katika pindo la vazi lake, akasema yatabaki kuwa ya kwake.

Kigagi, yaani mshubiri, kilijadiliwa kwa muda mfupi zaidi. Ute mweupe wa ndani unaweza kupakwa juu ya ngozi iliyoungua au kuwasha, ikiwa mnyama hawezi kuulamba. Lakini maji ya njano yaliyo chini ya ganda ni dawa kali ya kuharisha, nayo humkausha maji mnyama ambaye tayari anawekewa dripu. Kitunguu saumu hakikupewa hata nafasi, kwa kuwa jamii yote ya vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu za wanyama wengi wafugwao, sungura akiwa mmoja wao. Na nanasi, ambalo jirani mwingine aliliapia kwamba maji yake huyeyusha mpira wa manyoya tumboni, lilikataliwa kwa sababu mbili: vimeng'enya vyake haviyeyushi nywele, na sukari yake huwapa chakula wale bakteria wabaya tuliokuwa tukipigana nao. Manyoya, alisema daktari, hukwama kwa sababu tumbo limesimama. Si kwamba tumbo husimama kwa sababu ya manyoya.

Yaliyobaki kwenye mkeka yalikuwa ssere, dania na mujaaja, jani lenye harufu la jamii ya mrehani, na hapo ndipo sauti ya daktari ilipobadilika. Ssere ni lile gugu ambalo Waswahili wengine huliita kishonanguo, kwa jinsi mbegu zake zinavyong'ang'ania mavazi, na kila mtoto aliyewahi kufuga sungura hapa amewahi kutumwa kulichuma. Jaja alikuwa ameyaleta matatu haya kama chakula tu, hakuyahesabu kuwa dawa. Daktari alisema kwamba kwa sungura aliyesusa chakula hayo ndiyo dawa aliyokuwa akiyatafuta, kwa maana harufu ya jani bichi inaweza kuamsha hamu ambayo hakuna sindano inayoweza kuiamsha, na sungura akianza kutafuna mwenyewe, utumbo wote hupata ishara ya kuanza kutembea. Aliruhusu vijiti 3 vya ssere changa vilivyooshwa, jani moja la mujaaja, na dania kidogo, vikiwekwa mbele yake bila kumlazimisha. Masharti yake yalikuwa kwamba vyote vichumwe ndani ya ua wetu na si kando ya barabara, ambako hatujui nani amepulizia dawa ya magugu au mbwa gani amepita, na kwamba kisiongezwe kitu kipya zaidi ya kimoja kwa siku.

Sharti hili la mwisho nililivunja mara moja, na daftari linalo ushahidi. Siku ya 6 nilimpa mujaaja kwa mara ya kwanza, na siku ileile nikafungua mfuko mpya wa punje za chakula kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umekwisha. Usiku kinyesi kikarudi kuwa laini, na nilipompigia simu daktari akaniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili, sikuweza kumjibu. Tulilazimika kuviondoa vyote kwa siku 2 na kuanza upya, kimoja kimoja, hadi ikaonekana kwamba ni zile punje, na mujaaja haukuwa na hatia. Kama ningekuwa sina daftari, ningemwambia kila mtu hadi leo kwamba mujaaja huharisha sungura, na wangenisadiki, kwa kuwa niliona kwa macho yangu. Nafikiri ushauri mwingi tunaopeana kuhusu mitishamba, wa kuisifu na wa kuilaani, umezaliwa kwa njia hiyo.

Kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote imeandikwa siku ya 4, saa 5 usiku. Nilikuwa nimemaliza kumlisha kwa bomba, nimechoka, taa ya umeme imekatika, na nilikuwa nikipanga vijiti vya ssere mbele yake kwa mwanga wa simu bila matumaini makubwa. Alikinusa kimoja, akageuza uso. Kisha akarudi, akakishika kwa midomo, na nikasikia lile tafunatafuna dogo la haraka ambalo nyumba yetu ilikuwa imelikosa kwa siku 5. Nilimwamsha mwanangu aje asikilize. Tuliandika pamoja: "Ssere, kijiti 1, mwenyewe."

Baada ya hapo nyasi zikachukua nafasi yake, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu watu wakisikia tiba ya asili hufikiria kitu kichungu kilichochemshwa. Tiba kubwa ya asili ya sungura ni nyasi ndefu, mbichi na kavu, zipatikane mchana na usiku bila kukoma. Nyuzi zake ngumu ndizo zinazousukuma utumbo, ndizo zinazosaga meno yake yasiyoacha kukua maisha yake yote, na ndizo zinazowalisha bakteria wema wa sekamu hadi wawarudishe nyuma wale wabaya. Nilikuwa nikimlisha Pamba punje nyingi, matembele na maganda ya viazi, na nyasi kidogo za kupitisha muda, nikijiona ninamdekeza. Daktari aliugeuza mpango wote: nyasi ziwe karibu chakula chote, punje ziwe konzi dogo, viazi viondoke kabisa. Sasa nakausha nyasi mwenyewe juu ya turubai siku za jua, nazigeuza mara mbili, na nazitupa zote zikionyesha hata dalili ndogo ya ukungu.

Siku ya 11 lilitokea jambo ambalo kwalo mitishamba na udaktari vilishikana mikono kweli. Kwa kulala muda mrefu juu ya nguo zilizolowa, Pamba alikuwa amepata vidonda kwenye visigino vya miguu ya nyuma. Sungura hana nyama ngumu chini ya unyayo kama mbwa au paka, ana manyoya tu, na yakikatika ngozi huchubuka upesi. Jaja alisema asali. Sikumpaka. Nilipiga simu kwanza, na daktari akajibu kwamba asali ni chaguo zuri, kwa sababu sukari yake nzito huvuta maji kutoka kwenye kidonda na kuwanyima bakteria uhai, ina asidi, na inapochanganyika na majimaji ya kidonda hutoa polepole hidrojeni peroksaidi, ileile inayouzwa kwenye chupa kwa kusafishia majeraha. Alinielekeza nioshe kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, nipake asali safi iliyochujwa kwa utando mwembamba, nifunge kwa bandeji, na nibadilishe kila siku, nikihakikisha kwamba hailambi, kwa kuwa sukari hiyo ikifika tumboni ingeturudisha tulikotoka. Nilitumia asali ya Arua aliyoniletea shemeji yangu. Sindano za kutuliza maumivu ziliendelea, sakafu ya banda ikawekwa nyasi kavu nene, na kufikia siku ya 18 ngozi mpya ilikuwa imefunika visigino vyote viwili. Siwezi kusema asali peke yake ndiyo iliyoponya, wala nyasi peke yake, na simwamini tena mtu anayesema hivyo kuhusu mnyama aliyetibiwa kwa vitu vinne kwa pamoja.

Ninawaelewa wanaoanza na majani na kumwita daktari baadaye. Kila safari ya kwenda kwa daktari ilinigharimu ada, dawa na nauli ya bodaboda, na madaktari wengi wa mifugo katika nchi yetu wana kazi kubwa ya ng'ombe, nguruwe na kuku, hivi kwamba kumpata aliyezoea sungura si rahisi nje ya Kampala. Jani liko uani, halina bei, na limetulea. Wala si kwamba wasomi wamelidharau: Wandegeya, jijini Kampala, kuna maabara ya serikali iliyokuwa ikichunguza mitishamba yetu tangu miaka ya 1960, na mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria inayohusu waganga wa tiba asili. Lakini uchunguzi huo unamwangalia binadamu, na mfugaji wa sungura hawezi kuuchukua ulivyo. Konzi la Jaja halipimwi kwa gramu. Jani la wakati wa mvua si sawa na la kiangazi. Na mnyama wa kilo 2.6 hana nafasi ya kukosewa. Kwa sungura, saa 12 bila kula ni jambo la dharura, na ukizitumia saa hizo kujaribu majani matatu mfululizo, utamfikisha kwa daktari mnyama ambaye ameanza kupoa.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi, nasema hivi: akisusa chakula, piga simu kwanza, kisha orodhesha yote uliyompa, hata yale unayoyaonea aibu, hasa hayo. Mwulize daktari kwa jina la jani, na kama halijui kwa Kiswahili au Kiganda, mpelekee tawi lenyewe. Akikataa, mwulize sababu, kwa maana sababu ndiyo utakayobaki nayo kwa mgonjwa anayefuata. Na daktari anayemcheka mzee mwenye majani amejinyima habari, kwa kuwa watu hawataacha kuyatumia. Wataacha kuyataja tu.

Pamba sasa ana kilo 2.9. Zile chafya humrudia kidogo wakati wa mvua, naye daktari ameniambia kwamba huenda zisiishe kabisa, ila banda lake limehamishiwa mahali pakavu penye hewa. Daftari lilikwisha, tukanunua jingine. Kila Jumamosi Jaja huja na fungu la ssere kutoka bustanini kwake, na kabla hajalipitisha kwenye waya humgeukia mwanangu na kumwuliza, "Umeandika?" Naye mtoto huchukua kalamu iliyofungwa kwa uzi mlangoni, akaandika: "Ssere, konzi 1, Jaja."